Msingi wa Kule Chini

Jumanne ya pili ya mwezi wa Machi, saa nne asubuhi, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa amelazwa siku mbili. Presha ilimwangusha barazani kwetu, kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, wakati mimi nikiwa kiwandani Chang'ombe. Muuguzi aliniambia tukiwa tumesimama kwenye korido, na mimi nikamjibu, "Asante." Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nimelifikiria mara nyingi.

Tulimpeleka kwao Njombe. Kulikuwa na baridi na ukungu, na watu wengi waliomjua tangu akiwa msichana na ambao hawakunijua mimi. Baada ya siku tano nikarudi Dar es Salaam na binti yetu, ambaye alikuwa kidato cha nne na hakutaka kukosa masomo zaidi. Nyumba yetu iko huku nje ya Temeke. Tulipohamia palikuwa na mikorosho na nyumba za kuhesabu. Sasa ukitupa jiwe linatua juu ya bati la mtu.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule ya sekondari iliyo nyuma ya mtaa wetu, sketi hasa, na kwa kazi hiyo alijua mambo ya shule kabla ya walimu wenyewe. Ulikuwepo mwaka ambao alishona mpaka Krismasi ikapita, akaniambia, "Hawa watoto Januari watakaa wapi?" Januari ilipofika wakakaa wanne kwenye dawati la watu wawili, na kidato cha pili wakawa wanaingia mchana, wenzao wakishatoka. Ndiyo maana wazazi walimchagua awe mjumbe wa kamati ya ujenzi. Shule ilikuwa imetangaziwa kwamba itapewa kidato cha tano na cha sita, na kabla ya hapo iongezwe madarasa manne na maabara. Yeye alisoma mpaka kidato cha pili. Mimi niliishia darasa la saba. Tulikubaliana bila kuambiana kwamba mambo ya vikao ni yake.

Wiki ya kwanza niliporudi, kazi yangu ilikuwa kugawa sketi. Zilibaki kumi na moja. Nne zilikuwa zimekamilika, nyingine zimekatwa tu, vipande vimefungwa pamoja na alama za chaki juu yake. Wazazi walikuja mmoja mmoja, wakasimama mlangoni, wakazungumza habari za joto na mvua ambayo haijaanza. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutaja sketi. Nikawa naitaja mimi.

Jumapili moja baada ya ibada walikuja wageni watatu pamoja. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa barabara kubwa. Ukoo wake umeuza vitambaa tangu enzi za babu yake, na yeye alihamia huku kwetu kama miaka saba iliyopita, kwa sababu ya nafasi. Mke wangu alinunua kwake. Wa pili alikuwa mkuu wa shule, mama wa Kihaya mwenye sauti ya chini. Wa tatu alikuwa mama lishe anayepikia karibu na geti la shule, mjumbe pia, rafiki wa mke wangu, na kwa sababu hiyo huniita shemeji.

Walikuja kuniomba nikalie kiti cha marehemu kwenye kamati. Mwenyekiti alieleza kwamba uchaguzi ungeweza kuitishwa, lakini arobaini bado, na kumweka mtu mwingine haraka hivyo kungeonekana kama vile watu walikuwa wanasubiri. Nikae mpaka arobaini ipite, halafu wazazi watachagua. Nilipaswa kukataa. Sikujua lolote kuhusu ujenzi. Lakini zamu yangu ya kiwandani wakati ule ilikuwa inaisha saa nane mchana, na kuanzia saa kumi nyumba ile ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia friji la jirani. Nikakubali.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha walimu. Tulikuwa kumi na mmoja, feni haizunguki, soda zimepata moto. Kilifunguliwa kwa dua na kwa sala, kama tunavyofanya huku, na kwa kusimama dakika moja kwa ajili ya mke wangu. Mimi nilisimama nao. Ni jambo geni kusimama kimya kwa ajili ya mtu wako ukiwa umekalia kiti chake.

Mjadala ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa umeshindikana vikao viwili vya nyuma: madarasa yajengwe wapi. Shule yetu ina pande mbili zilizo wazi. Upande wa juu, karibu na barabara, ni uwanja wa mpira. Upande wa chini ni ardhi tupu yenye nyasi, inateremka kuelekea korongo. Mhandisi alikuja akatazama pande zote mbili, akachora michoro miwili, akasema kote kunajengeka, ila kule chini msingi uinuliwe, na kabla ya yote wenyeji waulizwe maji hupita wapi mvua zikiwa kubwa. Alisema hivyo akaondoka. Shida ni kwamba huku kwetu hakuna mwenyeji. Mtu aliyekaa miaka kumi tunamwita mzee wa mtaa.

Aliyepinga upande wa juu ni mjumbe mmoja anayefundisha timu ya vijana wa mtaa. Sote tunamwita kocha. Mchana anaendesha bodaboda, jioni yuko uwanjani. Akasema ukichukua uwanja umewapeleka vijana kijiweni.

"Vijana gani, kocha?" mama lishe akamwuliza. "Wale wenye ndevu? Hao waende kazini bwana."

Watu wakacheka, kocha naye akacheka, lakini hakurudi nyuma. Wakabishana saa nzima. Wengine walisema mtoto hasomi kwenye goli, wengine wakasema kule chini ni bure, hakumnyimi mtu kitu. Jasho lilikuwa linanitoka. Mwisho maneno yakaisha, na mama lishe akanigeukia.

"Shemeji," akasema, "mwenzako alikuwa analipima hili eneo kwa miguu yake. Kila siku alikuwa na maneno yake. Alikwambiaje?"

Watu wote wakaniangalia.

Nitasema ilivyokuwa. Mke wangu alinieleza habari hizo jioni nyingi. Nilikuwa nikirudi kazini nimevimba miguu, nakaa barazani, nafungulia redio, na kama kuna mpira nasikiliza mpira. Yeye anashona na anaongea. Mimi naitikia "mh," au "sawa." Katika kikao kile niliikumbuka sauti yake. Nilikumbuka alivyokuwa ananyoosha mkono kuonyesha upande fulani. Nilikumbuka siku moja alirudi viatu vimejaa tope. Maneno yenyewe sikuwa nayo. Hata moja.

Kama ningesema sijui, ningekuwa nawaambia watu kumi kwamba mke wangu alikuwa anazungumza na ukuta. Nikafikiria lile tope kwenye viatu. Nikaona, kama alikuwa anakwenda huko chini kupima, basi ndiko alikokutaka.

Nikasema, "Alisema kule chini."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Basi," akasema, "huo ni wosia. Wosia haupigiwi kura."

Hakuna aliyepinga. Hata waliokuwa wanataka upande wa juu walitazama meza. Mwandishi akaandika. Kocha alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, karibu niseme nilikuwa na furaha. Nilimwambia binti yangu kwamba mama yake ameamua mahali pa madarasa. Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa baba," akaenda jikoni.

Kazi ilianza Jumamosi iliyofuata. Ilikuwa ifanywe na mafundi wa mtaani chini ya kamati, na wazazi wajitolee kuchimba na kusomba mawe. Mimi nilikwenda kila nilipokuwa sina zamu. Nilichimba. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nililala usiku mzima. Watu walianza kuyaita madarasa ya marehemu, na mzazi mmoja akasema ingefaa jengo liandikwe jina lake. Nilisikia, nikaendelea kuchimba. Mtaro wa msingi ukafika kiunoni, mawe yakarundikwa kando, na fundi akasema Jumamosi inayokuja tutamwaga zege.

Niliyasema hayo nyumbani Jumapili mchana. Binti yangu alikuwa anafua sare zake uani. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu naye, namweleza kina cha mtaro kama mtu anayejisifu. Akaendelea kukamua shati lile lile, muda mrefu, mpaka likawa halitoi maji.

"Baba," akasema, "mie sikutaka kusema."

"Kusema nini?"

"Mama hakusema kule chini. Siku ile ya matope nilikuwa naye. Tulizama mpaka hapa." Akaonyesha juu ya kifundo cha mguu. "Wala mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Kulikuwa na bibi anauza mkaa pale karibu na korongo, ndiye aliyemwambia mama. Alisema mvua ya kweli ikija, maji yanapita hapo hapo. Mama akasema hapa hata mbuzi hafungwi."

Nikamwuliza, kama hivyo ndivyo, mama yake alitaka wapi.

Alisema alitaka juu, lakini uwanja ubaki. Mama yake alikuwa amepima akaona uwanja umelala vibaya, umekata eneo katikati. Ukigeuzwa ukalala kando ya ukuta wa barabara, nafasi ya madarasa inapatikana. Alimweleza mtoto kama fundi cherehani: kitambaa kikikupungukia upana usikimbilie kununua kingine, kigeuze kwanza. Nilimsikiliza binti yangu na nikaisikia sauti ya mama yake ndani ya maneno yale. Nilijua ni kweli.

"Alikwambia na wewe," akasema. "Ulikuwa unasikiliza mpira. Ukasema sawa."

"Na mbona hukuniambia tangu siku ile?"

Akaanika shati, akalinyoosha mabega. "Ulishasema mbele ya wakubwa, baba. Halafu ulikuwa umeanza kula."

Nilikaa pale mpaka jua likanihamisha.

Jumatatu baada ya zamu nilipita uwanjani. Nilijaribu kupima kwa hatua, nikapotea hesabu mara mbili, nikaacha. Nikaenda dukani kwa mwenyekiti. Alikuwa peke yake, anakunja majora ya kitambaa. Aliniagizia kahawa. Nikamweleza kwamba nilikosea, kwamba mke wangu hakusema kule chini, na kwamba zege lisimwagwe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulikuwa wa upole mtupu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Akaniambia mtu akifiwa kumbukumbu humchezea. Leo anaona hivi, kesho vile. Yeye alipofiwa na mama yake alikuwa anafunga duka na kurudi nyumbani na kufuli mkononi. Akasema tutauinua msingi, kama mhandisi alivyoelekeza, na mambo yataisha kwa heri. Akanisihi nisilipeleke jambo hilo mbele za watu nikajiaibisha bure. "Ndugu yangu," akasema, "usijichome. Pumzika."

Nilikunywa kahawa yake nikarudi nyumbani. Nataka niseme wazi kwamba siku hiyo na siku iliyofuata nilikusudia kupumzika kama alivyoniambia. Ilikuwa rahisi. Waliniamini nilipowadanganya kwa sababu nimefiwa, na sasa nikisema kweli wangesema ni kwa sababu nimefiwa. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu mpaka Jumamosi. Msingi ukishamwagwa zege hauna mjadala.

Lakini Jumanne jioni nilimkuta binti yangu anasoma kwenye meza ya mama yake, na nikafikiria kwamba wapo watoto watakaokaa kwenye madarasa yale ambao hawajazaliwa. Wao hawatajua kwamba kuna mtu aliona haya kwenye kikao. Wataona maji tu.

Jumatano nikaenda kwa mkuu wa shule. Aliniamkia, "Shikamoo mzee," akanipa kiti. Nilimweleza kwa kifupi. Yeye hakunionea huruma. Alitoa faili, akatafuta ukurasa wa mhandisi, akausoma kimya, akaweka kidole mahali paliposema wenyeji waulizwe.

Akaniuliza yule bibi wa mkaa yuko wapi. Nikasema sijui. Tukatoka wote wawili tukaenda kuuliza pale korongoni. Tukaambiwa amehama tangu mwaka jana, mwanawe amemchukua, yuko Kibiti au mbele ya Kibiti. Namba ya simu waliyotupa haikupatikana. Tulirudi bila kitu. Mkuu akaniambia ataitisha kikao cha dharura Ijumaa, na akaniuliza kama anaweza kumwita binti yangu aeleze. Nikakataa. Kosa lilikuwa langu, mtoto asiletwe kunibebea.

Ijumaa tulikuwa kumi na mmoja tena. Mkuu alieleza kwamba mjumbe ana neno. Nikasimama. Nilikuwa nimejipanga kusema vizuri, lakini nilipoanza nilisema tu kwamba marehemu mke wangu alitaka upande wa juu, uwanja ugeuzwe, na kule chini kuna njia ya maji.

Kukawa na minong'ono. Kocha ndiye aliyesema wazi.

"Mzee, samahani sana, lakini mbona unatuchezea? Juzi marehemu kasema chini. Leo kasema juu. Kesho atasema wapi?"

Watu wakamkemea. Mmoja akamwambia aheshimu msiba. Mwenyekiti akaingilia kati akasema, kwa ile sauti ya upole, kwamba tumwelewe mwenzetu, yuko kwenye kipindi kigumu. Nikaona jambo linataka kuzikwa hapo hapo, chini ya huruma.

"Mwacheni kocha," nikasema. "Ana haki. Marehemu hakusema juzi. Mimi ndiye niliyesema. Mke wangu alinieleza hili jambo mara tatu, mara nne, na mimi nilikuwa nasikiliza redio. Sikumsikia. Mlipouliza, niliona haya kusema sikumsikia, nikamtungia maneno. Hiyo siyo kumbukumbu kunichezea. Nilijua pale pale kwamba sijui."

Hakuna aliyeniangalia. Nilikaa. Nilifikiria kwamba sasa nimemtoa mke wangu mbele za watu kama mwanamke ambaye mumewe hakumsikiliza, na hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo juu yake akiwa hai.

Mama lishe ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo tuliambiwa tuulize wenyeji," akasema, "sie tukaenda kumuuliza marehemu. Halafu kajibu mume."

Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaona haya. Mimi sikukasirika. Alikuwa analia wakati anasema.

"Alikuwa ananiambiaga," akaendelea, akijifuta kwa ncha ya khanga. "Alikuwa anasema, mie nikiongea nyumbani ni kama natangaza msikitini na watu wote kanisani. Nilidhani utani."

Hilo lilinipata kuliko la kocha. Sikuwahi kulisikia.

Mwenyekiti alivua kofia yake, akaishika magotini. Akasema kosa la kwanza ni la mzungumzaji na la pili ni la mwenyekiti, kwa sababu yeye ndiye aliyesema wosia haupigiwi kura, na alisema hivyo kwa kuwa alikuwa amechoka kusikiliza ubishi. Akasema sasa lipigiwe kura. Mkuu wa shule akasema kabla ya kura lipimwe. Fundi aje kesho na tepu yake ndefu, zege lisubiri.

Kocha akasema wakipima na uwanja usipotosha, asiambiwe tena habari za kugeuza.

Jumamosi asubuhi tulikutana uwanjani. Fundi na msaidizi wake walivuta tepu kandokando ya ukuta wa barabara, wakachomeka vijiti. Ilichukua muda, kwa sababu kocha alitaka kila upande upimwe mara mbili. Uwanja ukigeuzwa ulitosha kwa shida. Urefu ulipungua hatua chache, na kwenye pembe moja ukuta ulikuwa karibu mno. Kocha alikwenda akasimama kwenye pembe ile, akarudi nyuma kama anayetaka kupiga kona, mgongo ukagusa tofali.

"Hapa mtu anapiga kona kama anaiba," akasema.

Alirudia mara tatu. Mwisho akasema afadhali hivyo kuliko kukosa. Kura ilipigwa pale pale tukiwa tumesimama, kwa kunyoosha mikono. Upande wa juu ulipita. Kocha hakunyoosha kwa lolote. Mkuu alisema mhandisi atapelekewa vipimo achore upya, na akawaomba wazazi waliokuwepo wasaidie kufukia mtaro wa kule chini, ili mtoto asije akatumbukia. Tuliufukia siku ile na Jumamosi iliyofuata. Kufukia ni kazi ya kuchosha kuliko kuchimba, ingawa fundi alisema ni fikra tu. Mawe tukayasomba kwenda juu kwa mikono na kwa toroli moja lenye tairi bovu. Hakuna aliyenilaumu kwa sauti. Mzazi mmoja, tulipokuwa tumebeba jiwe moja kubwa kwa pamoja, aliniuliza kama nina uhakika safari hii. Nikamwambia sina, nina neno la mtoto wangu tu. Akasema mh, tukaendelea kubeba.

Masika ya mwaka ule yalikuwa hafifu. Mvua ilinyesha kidogo kidogo, usiku, na asubuhi ardhi imekauka. Korongo halikujaa. Nilikwenda kuliangalia mara kadhaa, nikasimama pale tulipokuwa tumefukia, na mara zote palikuwa pakavu. Wapo wanaosema tulifukia msingi mzuri bure kwa sababu ya mzee mmoja aliyechanganyikiwa na msiba. Siwezi kuwajibu. Yule bibi wa mkaa hatukumpata. Huenda mwakani mvua itanijibia, na siwezi kusema naiomba ije, maana chini ya korongo kuna nyumba za watu.

Arobaini ilipopita wazazi walichagua mjumbe mwingine, mama kijana mwenye mtoto kidato cha kwanza. Nilimkabidhi mchoro wa zamani na nakala za mihtasari. Hakuna aliyeyaita tena madarasa ya marehemu. Vijana wa kijiweni walikuwa na jina lao kwangu, Mzee Redio, na nadhani lilitokana na mtu wa kamati. Niliitika waliponiita. Redio bado ipo, na mpira bado nasikiliza. Binti yangu akianza kuzungumza huwa napunguza sauti, lakini siku nyingine nasahau, na yeye hanyamazi siku hizi kama alivyokuwa ananyamaza. Ananisubiri mpaka nimwangalie.

Mhandisi alileta mchoro mpya mwezi wa Juni. Kabla ya kuchimba ilibidi magoli yahamishwe. Ilikuwa asubuhi, na mimi zamu yangu ilikuwa ya mchana, kwa hiyo nilipita. Kocha alikuwepo na vijana wake sita, wenye ndevu. Walikuwa wameshang'oa goli la kwanza na kulibeba zima mpaka kando ya ukuta, lakini mashimo mapya yalikuwa hayalingani, na kila wakilisimamisha linaegemea upande mmoja. Kocha aliniona nimesimama. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ya kura.

"Mzee, shika hapo," akasema.

Nikashika nguzo ya kushoto. Walichimbua shimo la kulia kidogo, wakarudisha, wakatazama kwa jicho moja, wakachimbua tena. Mtu akaenda kuleta maji kwenye ndoo. Goli likasimama. Tukajaza udongo, tukamwagia maji, na kocha akaniambia niukanyage upande wangu wakati yeye anakanyaga wake. Tulizunguka nguzo kwa miguu mpaka zikaacha kutikisika. Viatu vyangu vya kazi vilikuwa vimejaa udongo. Nikavipangusa kwenye nyasi, nikawaaga, nikaenda Chang'ombe kuanza zamu.